Riziki, mkate, na mchele wa kuloweka

Jumamosi iliyopita tulikuwa msibani Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga. Marehemu ni shangazi wa mke wangu, Mkatoliki wa kuzaliwa aliyeolewa kwenye ukoo wa Walutheri, kwa hiyo chini ya turubai tulikuwa mchanganyiko. Katekista akaanzisha Baba Yetu, tukaenda vizuri, kwa tofauti ndogo za hapa na pale, mpaka "Utupe leo." Hapo ikapasuka. Akina mama wa Kikatoliki wakasema "mkate wetu wa kila siku." Upande wetu tukasema "riziki yetu." Sisi maneno yetu ni machache, tukafika mapema, tukasimama kuwangoja wenzetu, kisha tukaondoka wote kwenye "utusamehe."

Mpasuko huo nimeusikia tangu utoto na sijawahi kuona mtu akishtuka. Safari hii alishtuka mpwa wangu wa kidato cha pili, akaninong'oneza: "Mjomba, ipi ndiyo ya kwenye Biblia?" Nikamwambia tulia kwanza, tutaongea. Kwenye daladala ya kurudi nilianza kumweleza, tukafika stendi sijamaliza hata neno moja. Na kweli nilikuwa naeleza neno moja tu.

Niseme mapema kwamba Kigiriki changu ni cha miaka miwili ya chuo cha theolojia, na nilitoka kabla ya kubarikiwa uchungaji. Leo nina steshenari Ngamiani, napiga fotokopi na kulaminesha vyeti vya watu. Lakini Agano Jipya la Kigiriki bado liko chini ya kaunta, pembeni ya rula na mkasi, na umeme ukikatika ndilo ninalofungua.

Sentensi yenyewe katika Mathayo 6:11, nikiiandika kwa herufi zetu, ni hii: *ton arton hemon ton epiousion dos hemin semeron*. *Arton* ni mkate, *hemon* ni wetu, *dos hemin* ni utupe, *semeron* ni leo. Linabaki *epiousion*, sifa ya huo mkate. Ukilitafuta kwenye kamusi utalikuta kwa umbo la *epiousios*, na mbele yake maelezo marefu ya watu wanaobishana.

Tabu ni kwamba neno hili halina ndugu wa kumuuliza. Katika Agano Jipya zima limo kwenye sala hii tu, mara moja kwa Mathayo na mara moja kwa Luka 11:3. Agano la Kale la Kigiriki halinalo. Limo pia katika Didake, kijitabu cha mafundisho ya Wakristo wa mwanzo, lakini pale limo kwa sababu sala yenyewe imenukuliwa. Origene wa Aleksandria, aliyeandika juu ya sala katika karne ya 3, na Kigiriki kikiwa lugha yake ya nyumbani, alisema halijui neno hili: hakulikuta kwa wasomi wala hakulisikia kwa watu wa kawaida mtaani. Akaona ni kana kwamba wainjilisti wenyewe ndio waliolitunga. Sasa kama Origene alikwama, mwenye steshenari wa Ngamiani atasema nini?

Yeronimo alipotengeneza Injili za Kilatini, karne ya 4 ikiwa inaelekea ukingoni, alifanya kitu ambacho mimi ningekifanya kwenye mtihani ningepewa sifuri. Kwa Mathayo aliandika *supersubstantialem*, yaani mkate ulio juu ya vitu vyote vilivyopo. Kwa Luka akaandika *quotidianum*, wa kila siku. Neno la Kigiriki ni lile lile, mfasiri ni yule yule. Makanisani likashinda la Luka, hata watu waliposali sala ya Mathayo, na huko ndiko ilikotoka "wa kila siku" ya akina mama wa Pongwe. Yeronimo huyo huyo alisimulia kwamba katika injili iliyoitwa ya Waebrania alikuta mahali hapo neno *mahar*, la Kiebrania, maana yake kesho. Hilo liweke kando, tutalirudia.

Wanaolichana neno wanapata njia mbili. Njia ya kwanza ni *epi* pamoja na *ousia*, ambayo ni hali ya kuwapo: mkate wa kutuwezesha kuwapo, unaotutosha kuishi. Peshita, Biblia ya Kisiria, ilikwenda upande huo, ikasema mkate wa mahitaji yetu, na ukifungua Biblia ya Habari Njema utakuta "chakula chetu tunachohitaji." Njia ya pili ni kitenzi cha kuja, ambacho kinazaa *he epiousa*, siku ijayo. Hili la pili si neno geni hata kidogo. Katika Matendo 16:11 Paulo na wenzake wanatweka kutoka Troa hadi Samothrake, na *te epiouse*, siku iliyofuata, wako Neapoli. Mithali 27:1, ile ya "Usijisifu kwa ajili ya kesho, kwa maana hujui yatakayozaliwa na siku moja," kwa Kigiriki hiyo siku inayozaa mambo ni *he epiousa*.

Mwalimu wetu alikuwa anaegemea njia ya pili kwa sababu ya irabu, na hoja yake kila Mswahili anaielewa. Sisi tukikutanisha *mu* na *alimu* hatusemi mualimu, tunasema mwalimu. Irabu mbili zikigongana moja inajikunja. Kigiriki nacho hivyo hivyo: *epi* ikikutana na *ousia* kwa kawaida inapoteza *i* yake, ungetegemea *epousios*. Yapo maneno machache yanayokaidi, kwa hiyo hoja haifungi mlango. Lakini kwenye kitenzi cha kuja ile *i* ni ya kitenzi chenyewe, haina pa kwenda. Ndiyo maana imebaki.

Halafu kuna kisa cha karatasi ya mafunjo, ambacho nikikikumbuka nacheka peke yangu. Mwaka 1889 Mwingereza mmoja, Sayce, alichapisha maandishi ya mafunjo yaliyochimbwa na Petrie huko Hawara, eneo la Fayum, Misri. Moja lilikuwa orodha ya matumizi ya nyumbani, dengu na vitu kama hivyo, na katikati Sayce akasoma neno lililokatika: *epiousi…* Wataalamu wakafurahi. Hatimaye neno la Baba Yetu limekutwa sokoni, kwenye hesabu za jikoni! Wengi wakaamua kwamba ni posho, mgawo wa siku wa mtumishi. Tatizo ni kwamba karatasi yenyewe ilipotea, na kwa miongo mingi watu walinukuu kitu ambacho hakuna aliyeweza kukitazama tena. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaonekana, kumbe iko Marekani, Chuo Kikuu cha Yale. Waliposoma upya kwa makini, palipodhaniwa *epiousi* pameandikwa *elaiou*. Mafuta. Mafuta ya zeituni, basi.

Ushahidi ukafa, lakini mimi posho haijanitoka kichwani, kwa sababu ya babu. Babu yangu alitoka Njombe akaja Tanga kama manamba kwenye mashamba ya mkonge. Alikuwa na kipande, kadi yenye vyumba thelathini. Ukimaliza kazi ya siku chumba kimoja kinatiwa alama, na fedha huzioni mpaka vyote thelathini vijae. Ukiugua, chumba kinabaki kitupu. Kilichomweka hai kati ya chumba na chumba ni posho: unga, maharage, chumvi. Babu alipokuwa akisali "utupe leo riziki yetu," nina hakika alikuwa anaona kibaba. Na kibaba kimo ndani ya Biblia yetu: Ufunuo 6:6, "Kibaba cha ngano kwa nusu rupia." Kipimo cha Kigiriki pale ndicho kilichohesabiwa kuwa chakula cha mtu mmoja kwa siku moja, na hiyo nusu rupia ni dinari, ujira wa kutwa. Yaani umefanya kazi kutwa nzima, na ulichopata kinakulisha wewe peke yako. Mkeo na watoto watajua wenyewe. (Wafasiri wetu wa Union, hiyo Biblia ya Kiswahili tunayosomea kanisani, wana vituko: sarafu hiyo hiyo kwa Mathayo 20 ni dinari, kwa Ufunuo imegeuka rupia ya enzi za Mjerumani.)

Sasa turudi kwenye Union ya 1952 na hiyo "riziki." Tazama walichokifanya. Mkate umeondoka. Sifa ya mkate nayo imeondoka. Mahali pa maneno mawili limewekwa moja, tena neno ambalo jirani yangu mama Mwislamu anayeuza mihogo anaweza kulipokea bila kuuliza, maana kwake Mungu ni Razaki, mtoa riziki. Riziki kwa Kiswahili haiwezi kuwa mkate mtupu. Ni fungu lako ulilokatiwa, liwe samaki, mteja, au kibarua cha siku mbili. Tunasema riziki mafungu saba. Tunasema riziki kama ajali, huitambui ijapo. Mtu akikosa gari la kwanza akapata la pili lenye nafasi mbele, atakwambia hiyo ndiyo riziki yake.

Chuoni niliwahi kuandika insha kali dhidi ya tafsiri hiyo. Niliita uvivu. Leo naona haya, kwa sababu walikuwa na mtetezi mkubwa ambaye nilimsahau na nilimkariri mwenyewe kwenye kipaimara. Luther, katika Katekisimo Ndogo ya 1529, anauliza mkate wa kila siku ni nini, na jibu lake linapita jikoni likatoka hadi barabarani: chakula, kinywaji, mavazi, viatu, nyumba, shamba, mifugo, fedha, mke au mume mwema, serikali nzuri, hali nzuri ya hewa, amani, afya, majirani waaminifu. Nilikuwa na miaka kumi na nne, ndala zangu zimeunganishwa kwa waya, na nakumbuka nilivyosimama kwenye neno "viatu." Ukiulizwa kwa Kiswahili neno moja linalobeba orodha hiyo yote, utasema nini kama si riziki?

Kwa hiyo siugombi tena mkate uliopotea. Ninachokililia bado ni ile siku ijayo. Riziki haina saa. Na kila nikisoma neno hili naona lina saa ndani yake, na saa yenyewe ni ya jioni.

Mama yangu aliuza vitumbua miaka ishirini. Kitumbua cha asubuhi huanza jana yake. Saa tisa alasiri mchele unalowekwa. Ukishalainika unachujwa, unatwangwa, na kinu kilikuwa zamu yangu na dada yangu, siku za mvua na za jua. Baada ya chakula cha usiku unga unakorogwa na tui, iliki, sukari na hamira, beseni linafunikwa kanga kuukuu na kusogezwa karibu na jiko lenye joto la mwisho. Ukipita usiku kwenda chooni unasikia unapumua, vipovu vinapasuka kimoja kimoja. Saa kumi alfajiri mama anawasha mkaa, anapaka mafuta kwenye chuma, upawa nusu kila tundu, na kile kijiti chake cha kugeuzia. Saa kumi na mbili wateja wako mlangoni.

Nilipokuwa darasa la tano, ofisi moja iliyokuwa ikichukua vitumbua hamsini kila siku kwa hesabu ya mwisho wa mwezi ilikaa miezi miwili bila kulipa. Mwenye duka naye akachoka kutukopesha. Jioni moja beseni likalala limefudikizwa ukutani. Tulikula ugali kwa mchunga, tukashiba vizuri tu, halafu tukakaa kwenye mkeka kusali kama kawaida. Mama akaongoza. Alipofika "Utupe leo" akasita. Nilifumbua jicho moja nikamwona anatazama beseni.

Leo ilikuwa imeshaliwa. Ilikuwa saa mbili usiku. Alichokuwa anakihitaji leo hiyo hiyo, kabla duka halijafungwa, ni mchele wa asubuhi.

Miaka mingi baadaye, darasani, mwalimu alipoandika ubaoni "mkate wetu wa siku ijayo utupe leo," wenzangu walisema haileti maana, leo na kesho zinagombana. Mimi sikuona ugomvi. Nilimwona mama. Na ukitazama Injili yenyewe, vibarua wa Mathayo 20 wanalipwa lini? Kulipokuchwa. Torati inaagiza ujira wa kibarua usilale kwa tajiri hadi asubuhi, Walawi 19:13. Fedha ya jioni hainunui chakula cha siku iliyokwisha, inanunua cha siku inayoingia. Akiikosa jioni hiyo, watoto wataamka na hakuna kitu.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa pwani analipata kwa urahisi kuliko Mzungu. Kwa Wayahudi siku huanza jua likizama. Kwa wazee wa huku pia: jirani yangu wa mihogo akisema usiku wa Ijumaa, anasema juu ya Alhamisi jioni, na mgeni wa bara akialikwa hitima ya usiku wa Ijumaa anakuja kesho yake anakuta masinia yameshaoshwa. Magazeti nayo yanaandika "usiku wa kuamkia Jumapili." Hicho kitenzi, kuamkia, ndicho ningempa *epiousios* kama ningekuwa mfasiri: mkate wa kuamkia. Didake inaagiza sala hii isaliwe mara tatu kwa siku. Ukiisali alfajiri, siku ijayo ni hii inayopambazuka. Ukiisali jioni, ni ile unayoilalia. Neno linasogea pamoja nawe.

Najua nitakachojibiwa, maana mke wangu amenijibu tayari akikuna nazi: katika sura hiyo hiyo ya Mathayo, mstari wa 34, Yesu anasema "msisumbukie ya kesho." Utaombaje cha kesho halafu usikisumbukie? Nikamwambia ndiyo maana unakiomba. Ukishakiomba umekiweka mikononi mwa mwingine, unaweza kulala. Hakuridhika. Akanikumbusha mana, Kutoka 16, "sehemu ya siku kwa siku yake," na waliofanya kiporo kikaingia mabuu.

Hapo nilimsubiri. Kwani siku ya sita ilikuwaje? Siku ya sita waliokota maradufu, kwa sababu ya Sabato iliyokuwa inaingia, na kiporo kile hakikuoza. Mana ya kesho ilitolewa leo, kwa amri. Wapo wanaosema sala ya Yesu inaomba mkate wa namna hiyo hasa, wa Sabato ile kubwa ya mwisho, karamu ya Ufalme, na kwamba ndiyo *mahar* ya Yeronimo. Mimi huko sijafika. Nimeishia kwenye beseni. Mke wangu alisema "haya mchungaji," kwa ile sauti yake, akaendelea kukuna.

Luka, kwa njia, amelainisha jambo. Mathayo anatumia umbo la kitenzi la kutoa mara moja, na "leo." Luka anatumia umbo la kutoa na kuendelea kutoa, na "siku kwa siku," ndivyo Union ilivyosema, "Utupe siku kwa siku riziki yetu." Luka ni sala ya mtu mwenye akaunti dukani. Ya Mathayo ni ya mtu ambaye duka linakaribia kufungwa.

Kwa hiyo mpwa wangu, zote mbili zimo na zote mbili zimepunguza. Ukiwa na Wakatoliki sema mkate, ukiwa nasi sema riziki, na ukimaliza mapema wangoje wenzako.

Jumapili baada ya ibada nilimpigia mama simu. Ana miaka sabini na sita, vitumbua alishaacha, magoti hayakubali kukaa jikoni alfajiri. Nilimwamkia, nikamweleza habari za Origene na za karatasi ya Yale na ile siku ijayo, kirefu kama hapa. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si la kawaida yake. Nikamuuliza kama anakumbuka usiku ule wa beseni.

"Nakumbuka," akasema. "Kumbe ile ilikuwa ni ya kesho? Ungeniambia mapema, mwanangu, ningeomba na mkaa."